SARL ya ushonaji Lubumbashi: karatasi zilitoka upesi, statuti ndizo zilizotutesa

Mimi ni mshonaji wa mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nilianzia barazani kwa mama na mashine moja ya miguu, sasa nina chumba cha kupanga karibu na soko. Kazi inayotulisha ni bleu-blanc, yaani sare za wanafunzi. Ikifika Agosti hatulali. Mwaka jana mimi na mdogo wangu tuliigeuza kazi hiyo kuwa kampuni, yaani SARL. Mama wengi wa cherehani wananiuliza kama inafaa. Jibu langu ni ndiyo, inafaa sana, ila kuna mahali tuliumia, na ningependa mwingine asiumie papo hapo.

Zamani nilikuwa na établissement, yaani biashara ya mtu binafsi, kwa jina langu mwenyewe. Msimu mmoja nilichukua kitambaa cha buluu kwa mkopo, mvua ikapenya stoo usiku, mabunda kumi na moja yakaota ukungu. Aliyenikopesha alipokuja kudai hakuziangalia hata mashine. Aliuliza lupango wangu (kiwanja changu) wa Katuba una ukubwa gani. Nilidhani ananitisha tu, mpaka mwanasheria mmoja tunayesali naye akanieleza kwamba ana haki: kwenye établissement, deni la duka ni deni la mwenye duka, na mali yake yote inaweza kushikwa. Nililipa lile deni kwa miezi kumi na minne. Watoto walikuwa wanasikia kila anapogonga geti.

Kwenye SARL, mwenye hisa anapoteza kile alichoweka ndani, basi. Kampuni inakuwa mtu mwingine kabisa mbele ya sheria, ina jina lake, akaunti yake na madeni yake. Sheria yenyewe ni ile ya OHADA, sheria ya biashara ya pamoja ya nchi kadhaa za Afrika, inayotumika hapa Kongo tangu tarehe 12 Septemba 2012, sawa na Senegali na Kameruni. Mtu mmoja peke yake anaweza kuifungua. Na mtaji wanaupanga wenye kampuni wenyewe. Hili nilikuwa silijui. Miaka yote nilifikiri SARL ni ya watu wa migodi na malori.

Mtaji wetu tuliuweka sawa na dola 3,000, hisa 60 za dola 50 kila moja. Mimi niliingiza mashine zangu, tulizozithamini dola 1,200, nikaongeza franga taslimu za dola 600. Nikapata hisa 36. Mdogo wangu alichukua hisa 24 kwa fedha taslimu. Hakuwa na dola 1,200 zote siku ile. Sheria inaruhusu kutoa angalau nusu mwanzoni na kumalizia ndani ya miaka miwili tangu kampuni iandikishwe, kwa hiyo alianza na 600.

Karatasi zenyewe tulizipata kwenye Guichet Unique, ofisi ya kuandikisha biashara, na hapo sina malalamiko. Zamani ungezunguka mji mzima: mthibitishaji wa hati huku, mahakama kule, kodi mahali pengine. Sasa faili ni moja na dirisha ni moja, na ukitoka unakuwa na RCCM (namba ya daftari la biashara), Id. Nat. (namba ya utambulisho wa taifa) na namba ya kodi. Tulipeleka faili Jumatatu, tukachukua karatasi Jumanne ya wiki iliyofuata. Niliisoma namba ya RCCM mara tatu pale pale kwenye ngazi. Ile ya zamani ilikuwa na herufi A, ya mtu binafsi. Hii ina B.

Shida tuliileta sisi wenyewe, kwa kumwamini mtu wa kati. Alisema anajua njia, tukampa hela atuandikie statuti, yaani katiba ya kampuni. Kwanza alinidai barua ya ruhusa ya mume wangu. Nilikuwa karibu kwenda kuiomba, mdogo wangu akakataa: ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2016, Code de la famille, sheria ya familia, ilipobadilishwa. Mwanamke aliyeolewa anafungua biashara kwa sahihi yake mwenyewe. Mama akiambiwa vinginevyo, asikubali.

Pale tungepaswa kushtuka, lakini hatukushtuka. Statuti alizotuletea zilikuwa na kurasa nyingi, Kifaransa kizito, mihuri mizuri. Tukatia sahihi kila ukurasa bila kuzisoma. Wiki tatu baadaye tukaenda kufungua akaunti, na kijana wa benki akaweka kidole kwenye kifungu cha kazi ya kampuni. Akauliza kwa upole, «Mama, ninyi ni washonaji au mnauza saruji?» Kampuni yetu ya nguo ilikuwa imeandikwa kwamba inauza vifaa vya ujenzi na nguo «za aina zote». Kushona hakukuwemo. Kuingiza kitambaa kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hakukuwemo. Yule mtu alinakili statuti za kampuni nyingine akabadilisha majina tu.

Kusahihisha si kufuta kwa kalamu. Ilibidi tufanye mkutano wa wenye hisa (watu wawili, juu ya meza ya kukatia nguo!), tuandike procès-verbal (kumbukumbu za mkutano), turudi kwa mthibitishaji, tubadilishe RCCM, na tulipe tena. Na hapo ndipo nilipojifunza jambo la hisa. Kubadili statuti kunahitaji robo tatu ya mtaji. Hisa zangu 36 kati ya 60 zinatosha kwa maamuzi ya kila siku, hata kumchagua gérant (msimamizi wa kampuni), lakini haziwezi kugusa statuti bila mdogo wangu. Mwanzoni iliniuma kidogo. Sasa nafurahi, kwa sababu yeye naye anajua siwezi kumbadilishia mambo nyuma ya mgongo.

Safari ya pili statuti tuliziandika wenyewe kwa kuulizana. Tutashona nini? Tutauza wapi? Mmoja akitaka kutoka, hisa zake zinakwenda kwa nani? Tulibishana jioni tatu, na mara moja mdogo wangu aliondoka bila kuaga. Kifungu kile cha kutoka ndicho kilichokuwa kigumu, kwa sababu ni kama kuzungumzia kifo mgonjwa akiwa bado anakula. Lakini tulikiandika, na yule mwanasheria akatusomea chote kwa Kiswahili kabla ya sahihi.

Kuna jambo jingine nisingependa kulificha. Muuza vitambaa wetu mkubwa alipoona sisi ni SARL, alinitaka nitie sahihi karatasi ya dhamana kwa jina langu. Ukitia sahihi ile, lupango wako umerudi mezani, SARL au si SARL. Nilikataa. Tunanunua kidogo kidogo kwa fedha mkononi, tena kwa bei ya juu kidogo, na nimeridhika. Vivyo hivyo sanduku la fedha: la kampuni ni la kampuni. Ada ya shule ya mtoto haitoki mle, inatoka kwenye mshahara wangu, na kodi ya mishahara tunaipeleka kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mhasibu anatugharimu. Nikiwa na établissement daftari langu lilikuwa kichwani, na huo ndio uhuru pekee ninaoukumbuka kwa hamu.

Faida imekuja upande ambao sikuutazamia. Sheria ya Februari 2017 inazipa kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji ni ya Wakongo kazi za sous-traitance, yaani kazi ambazo kampuni kubwa inampa mwingine amfanyie, na wanaozihudumia kampuni za migodi wanahitaji salopeti, nguo za kazi. Mnunuzi wa kwanza hakuuliza hata bei kabla ya kuuliza RCCM, Id. Nat. na namba ya kodi. Nilimpa bahasha. Tulishona salopeti 80, mifuko miwili kifuani, mikanda inayong'aa mgongoni, na fakitura (ankara) ikatoka ikiwa na jina la kampuni, neno SARL, mtaji na namba yetu ya RCCM chini. Franga ziliingia kwenye akaunti ya kampuni. Mdogo wangu alinipigia simu kutoka benki, «Yaya (dada mkubwa), zimefika,» kisha akanyamaza, nikasikia analia.

Kwake bado dola 250 za hisa. Tumeandika tarehe ya mwisho kwa chaki ukutani, juu ya mashine ya kufunga pindo.