mapzebrain: atlasi ya ubongo wa zebrafishi, ni bure na ubongo wa mbele umenikosha

Nafundisha baiolojia kidato cha 5 na 6, na miaka yote hiyo ubongo wa samaki nilikuwa nauchora ubaoni kama shanga tatu kwenye uzi, ya mbele kunusa, ya kati kuona, ya nyuma mizani, halafu tunahamia mada nyingine. Juzi kati nikaonyeshwa mapzebrain, atlasi ya watafiti wa taasisi ya Max Planck kule Ujerumani, inafunguka kwenye broza ya kawaida tu, hulipi hata senti, na jamani wiki ya tatu hii bado naifungua kila jioni.

Ilivyo ni hivi: wamechukua vifaranga vya zebrafishi (samaki mdogo wa milia) vya siku 6, vile viangavu unaona mpaka ndani, wakafuatilia seli za neva moja moja kuanzia mwili wa seli mpaka ncha ya uzi, zaidi ya 2,000 kwenye kazi yao ya 2019, zote zikapangwa ndani ya ubongo mmoja uliogawanywa maeneo 72. Unachagua eneo, zinatokea seli zinazopita hapo, unazungusha na mausi uangalie toka juu, pembeni, popote.

Kilichonishika ni ubongo wa mbele. Sisi kwenye mimba kuta za ubongo ule zinavimba na kujikunja kwa ndani, za samaki zinafunguka kwenda nje kama ganda la ndizi ukilimenya, kwa hiyo ile sehemu inayofanya kazi kama hipokampasi yetu, ya kukumbuka mahali, sisi iko ndani karibu na katikati ila kwa samaki imetupwa pembeni kabisa, na ile ya woga inayofanana na amigdala ndio iko katikati. Nimeisoma hii mara ngapi sijui, ila mpaka uzungushe mwenyewe ndio inakaa kichwani.

Halafu habenula. Ni vijifundo viwili vidogo vya seli ndani ya ubongo, kushoto na kulia, ungedhani ni pacha. Wapi! Nyuzi za kutoka balbu ya kunusa zinaingia cha kulia, hata za balbu ya kushoto zinavuka zinakwenda hukohuko, na cha kushoto ndio kinachoitikia mwanga zaidi. Nimewaonyesha wanafunzi kwa projekta, mmoja akauliza sasa mwalimu kwa nini upande mmoja tu, tukamaliza kipindi kizima hapo na sijutii.

Sasa mapungufu, maana yapo. Seli mbili kugusana kwenye picha sio ushahidi kwamba zinaongea, atlasi inakuonyesha umbo na njia ya seli, sinapsi, pale seli zinapopeana ujumbe, haikuonyeshi, na mwanafunzi asipoambiwa mapema atachora saketi ambazo hazijathibitishwa na mtu. Majina ya maeneo yote ni ya kitaalamu, asiye na msingi atapotea. Na ni kifaranga, paliamu yake, yaani sehemu ya juu ya ubongo wa mbele, bado changa mno, mambo ya kujifunza na kukumbuka ya samaki mzima huwezi kuyasoma humo.

Mimi natamani siku moja kuona kitu cha hivi kwa yule samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, Astatotilapia burtoni, ambaye dume akishanyakua eneo lake rangi inabadilika fasta, na baada ya muda seli zake za homoni ya uzazi, zipo hukohuko ubongo wa mbele, zinanenepa kabisa. Fikiria kuziona hizo zinazunguka hivi kwenye skrini.

Nyota 4 kati ya 5. Tumia laptopu, simu yangu ilihema sana na bando likaisha, na ukianza usiwashe maeneo yote kwa mpigo, washa telensefalo (ubongo wa mbele kabisa) na habenula tu, zima mengine, halafu ongeza seli kumi kumi.