Nimesahihisha mock ya mkoa kwenye skrini, uzoefu wangu

Walimu wenzangu habari za majukumu. Mimi nafundisha Baiolojia, mock (mtihani wa majaribio) ya kidato cha nne nimesahihisha miaka kadhaa sasa, ila safari hii ndo mara ya kwanza hatukushika karatasi. Skripti, yaani karatasi za majibu, zilipigwa skana hapo kituoni, kila mtu akapewa paswedi yake na swali lake, unakaa kwenye kompyuta majibu yanakuja moja moja.

Nianze na nilichokipenda maana nimekipenda kweli, kujumlisha. Aliyewahi kukaa paneli ya kusahihisha anajua ikifika usiku wa siku ya tatu macho mazito, mtu anajumlisha alama juu ya jalada anaruka kipengele kimoja, mtoto wa 45 anaandikiwa 44, C imekuwa D hivyo, na aliyekuwa na pointi 21 anakuwa na 22 (pointi zikiongezeka ndo unashuka), ametoka divisheni two yuko three na wala hatajua kwa nini. Sasa mfumo unajumlisha wenyewe, na ukiacha kipengele hakina alama unagoma kukuletea jibu lingine. Jina la shule huoni, namba ya mtahiniwa huoni.

Halafu kuna majibu wanayachomeka katikati ambayo viongozi wa paneli walishayasahihisha, hujui ni yapi, ukipishana nao sana unafungiwa mpaka mkae muongee. Mimi nilifungiwa siku ya pili kwenye swali la usafirishaji wa maji kwenye mimea, nilikuwa nabana mno, na walinifungia kwa haki kabisa.

Umeme ulikatika mara mbili, alama tulizokwisha weka tukazikuta zipo.

Sasa shida, na hapa naomba wahusika wasikie. Wanafunzi tunawaambia kila siku michoro ni penseli, si ndio? Skana ikawekwa nyeusi na nyeupe tupu ili mafaili yawe mepesi. Nikafungua jibu la mchoro wa moyo nikaona aorta, left ventricle, majina yote yameandikwa kwa peni yanaelea tu, moyo wenyewe haupo. Mkono ulishafika kwenye sifuri, roho ikakataa. Nikamwita kiongozi, yeye ndo anaweza kuona namba, tukaenda stoo tukafungua bunda, jamani yule mtoto alichora! Mkono mwepesi mistari myembamba lakini ukuta wa kushoto kaufanya mnene kuliko wa kulia kama inavyotakiwa, alama zote za mchoro ni zake. Ikabidi swali lile liskaniwe upya kwa kijivu na wote tuliokuwa nalo turudie, nusu siku ikaishia hapo, na hakuna aliyelalamika baada ya kuona ile karatasi.

Kilichoniumiza ni kwamba kabla ya lile jibu nilikuwa nimeshapita mengine kadhaa nikaweka sifuri nikidhani hawakuchora.

Kwangu ni nyota 4 kati ya 5, karatasi sitamani kurudi. Ila wawekeni kitufe cha kuitisha skripti halisi pale pale kwenye skrini, bunda zisichomwe wala kurudishwa shule mpaka matokeo yatoke, na nyie mnaofundisha masomo ya michoro waambieni watoto wakandamize penseli kidogo.