TAHADHARI TANGA: seti ya "kufungua jicho la tatu" ina boraksi, msinywe

Wana Tanga, kuna seti inatembezwa Ngamiani na Chuda na kwenye magrupu ya WhatsApp kwa 60,000/=: chupa ya matone, pakiti ya unga mweupe na karatasi ya maelekezo. Muuzaji anadai tezi ya pineali iliyo katikati ya ubongo, ambayo ndiyo anayoiita jicho la tatu, "imeota chokaa" kwa sababu ya floridi, madini yaliyomo kwenye dawa ya meno, na ukiisafisha siku 21 utalala vizuri na "kuona yaliyofichika".

Tuanze na huo unga, maana ndio hatari. Karatasi yenyewe inasema boraksi, robo kijiko cha chai kwenye lita ya maji, unywe kutwa. Boraksi ni ile ya masonara, ya kulehemu dhahabu. Robo kijiko ni kama gramu 1, na humo mna boroni kama miligramu 110. Kikomo cha mtu mzima kilichowekwa Marekani ni miligramu 20 kwa siku. Matokeo yake yanaweza kuwa kutapika, kuhara, ngozi kuwa nyekundu na kubambuka, na kwa kipimo kikubwa figo kuharibika. Mjamzito asiiguse kabisa.

Halafu ile picha ya CT (ya ndani ya kichwa) anayoonyesha kwenye simu, yenye doa jeupe katikati. Doa ni la kweli, uongo ni maelezo. Tezi hii ni ndogo kama punje ya mchele, na watu wazima wengi wana chembe za kalsiamu ndani yake bila kuumwa chochote. Wasomaji wa picha hizo hata hulitumia kama alama: likisogea upande mmoja, wanashuku damu au uvimbe unasukuma ubongo. Hakuna kinywaji kilichothibitika kuliyeyusha. Floridi nayo hunasa penye kalsiamu, kwa hiyo kukutwa kwenye tezi hakuthibitishi kwamba ndiyo iliyoleta chokaa. Anayetaka kuona madhara halisi ya floridi ikizidi aangalie meno ya kahawia ya wanywaji wa maji ya visima kule Arusha.

Kazi ya tezi ni kutoa melatonini, homoni ya usingizi, gizani, kilele kikiwa kati ya saa nane na saa kumi usiku. Kwa binadamu tezi yenyewe haioni mwanga. Habari huipata kutoka machoni kupitia mishipa ya fahamu. Taa kali au simu usoni usiku hupunguza melatonini inayotolewa, na kuzizima hakugharimu hata senti.

Kuna upuuzi mwingine: kukodolea jua linapochomoza pale Raskazone. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haisikii maumivu. Inaungua kimya kimya, na saa kadhaa baadaye unaona kivuli katikati ya kila unachotazama.

Matone yanaitwa "melatonini asilia", lakini chupa haina namba ya toleo wala usajili wa TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hata bidhaa zenye lebo si za kuaminika sana: utafiti wa Kanada wa 2017 ulipima bidhaa 31 za melatonini, na kiasi chake kilikuwa kati ya pungufu kwa asilimia 83 na zaidi kwa asilimia 478 ya kilichoandikwa.

Aliyekwisha kunywa aache leo. Msimlazimishe kutapika, na maziwa hayaondoi boraksi. Mpelekeni Hospitali ya Bombo na pakiti yenyewe, mseme amekunywa kiasi gani na saa ngapi. Ujumbe wa malipo kwenye simu msiufute, polisi na TMDA watauhitaji.