Kipoza mseto cha kadi ya michoro: tazama sahani kabla ya kutoa fedha

Kadi ya michoro yenye kipoza mseto, yaani cha maji pamoja na feni, niliyoinunua kwa fedha nyingi ilikuwa ikionyesha nyuzi 54 kwenye chipu kuu, nami nikaamini nimepata nilichokitafuta. Wiki ya tatu picha zilianza kukwama kila baada ya nusu saa, na nilipotazama kipimo cha kumbukumbu nikakuta nyuzi 108. Kumbukumbu ya GDDR6X, aina iliyomo kwenye kadi yangu, hujipunguzia kasi inapokaribia nyuzi 110, kwa hiyo kadi ilikuwa ikijinusuru ilhali chipu kuu imepoa kabisa.

Nilichukua bisibisi nikaifungua. Sahani ya shaba, ile ipitishayo maji, iligusa chipu kuu peke yake. Kumbukumbu ziliachiwa bati jembamba la alumini, na katikati yake pedi za kupitisha joto. Pedi tatu hazikuwa na alama yoyote ya kukandamizwa. Uso wake ulikuwa laini kama siku zilipokatwa, maana yake hazikuwahi kuligusa bati.

Katika kipoza mseto, maji hubeba joto la sehemu fulani na feni iliyo juu ya kadi hubeba joto la zilizobaki, hasa saketi za kudhibiti umeme. Kasoro isiyosemwa ni kwamba feni ya kadi kama yangu hupangiwa kasi kwa kufuata joto la chipu kuu, ambayo tayari inapozwa na maji. Kadiri pampu inavyofanya kazi yake vizuri, ndivyo feni inavyozidi kupunguza mwendo, na kumbukumbu zinazoitegemea zinaendelea kuungua polepole. Ukubwa wa rejeta hauondoi tatizo hilo hata kidogo. Tena suluhisho lake si jambo geni kwa wasanifu: kadi ya AMD iitwayo Radeon R9 Fury X ya mwaka 2015 ilikuwa na kumbukumbu zilizokaa ubavuni mwa chipu, sahani moja ikizifunika zote, na bomba la shaba likapitishwa juu ya saketi za umeme.

Ndiyo maana naiweka MSI Suprim Liquid X nafasi ya kwanza, wala sifichi upendeleo wangu. Katika toleo lao la RTX 4090, kadi yenye chipu ya Nvidia, sahani inafunika chipu na kumbukumbu kwa pamoja, rejeta ni ya milimita 240, na feni ya kadi imebakiziwa kazi ya saketi za umeme. Nafasi ya pili naipa ASUS ROG Strix LC, ambayo nayo imefunika kumbukumbu kwa sahani, ila feni yake ya kusukuma hewa upande mmoja ina sauti kali masikioni mwangu. EVGA Hybrid ni ya tatu, na ni kwa anayenunua iliyotumika tu, kwa kuwa kampuni hiyo iliacha kutengeneza kadi za michoro mwaka 2022 na pampu ikifa utahangaika. Ukivutiwa na RTX 3090 ya kampuni yoyote, kumbuka kwamba chipu 12 kati ya 24 za kumbukumbu zimekaa mgongoni, mahali ambapo sahani ya mbele haifiki.

Mwenye fedha kidogo anaweza kutafuta NZXT Kraken G12, fremu ya kufungia kipoza maji cha prosesa kwenye kadi ya michoro, yenye feni ya milimita 92, lakini vipande vya kupoza kumbukumbu utajitafutia mwenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni wauzaji. Bei ya neno "maji" wanaitoza kikamilifu, halafu picha zote wanazoweka ni za taa na mipira ya maji kwa nje. Upande wa chini wa sahani hawauonyeshi kamwe. Nilipomuuliza muuzaji wangu sahani inagusa sehemu zipi, alinitajia idadi ya rangi za taa. Nilipomtumia picha ya zile pedi tatu, alinijibu kwamba dhamana imekwisha kwa sababu nimechana kibandiko kilichofunika skrubu, kibandiko ambacho bila kukichana nisingeziona.