TAHADHARI: muuzaji wa rimu asiyetaka kukuonesha mgongo wa rimu

Wakuu salama. Naandika hii nikiwa bado na hasira kwa hiyo mnivumilie nikiruka ruka, ila msome hasa wewe mwenye hachibaki yenye nguvu unayewaza kubadilisha rimu, maana hili tego mi nimeshaingia na nimetoka na rimu nne ambazo siwezi kuzifunga wala siwezi kumuuzia mtu mwingine nikalala usingizi.

Gari ni Golf GTI kizazi cha 7. Kiwandani inakuja na rimu inchi 18 upana 7.5, boliti 5 kwa 112 (yaani boliti tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 112), tundu la katikati 57.1, ofuseti inacheza karibu na 50 (ndo ile ET, milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu), tairi 225/40R18. Nilichokuwa nakitaka wala sio makubwa, 18 kwa 8 ET45 na saizi ileile ya tairi. Hesabu nilishapiga usiku mmoja na kalkuleta ya simu: upana ukiongezeka nusu inchi hiyo ni milimita 12.7, nusu yake inaenda nje nusu inaenda ndani, yaani 6.35 kila upande, afu ofuseti ikishuka kutoka 50 kuja 45 rimu nzima inasogea nje milimita 5 zaidi. Kwa hiyo nje inatoka 11 na kidogo, ndani inaisogelea shokapu kwa 1 na kidogo tu. Inajaza fenda vizuri na haigusi popote, hata na hizi springi fupi nilizoweka (gari imeshuka kama sentimita 3). Hesabu yangu ilikuwa safi kabisa, tatizo ni kwamba nilimpa mtu mwingine kazi ya kunisomea namba.

Huyo muuzaji nilimkuta mtandaoni. Picha kali balaa, rimu zimeegemezwa ukutani zinang'aa, na picha ya Golf nyeupe imevaa zilezile. Nikamuuliza ET ngapi, akajibu "zinaingia kaka". Nikauliza tundu la katikati ni ngapi, "hizo ni za GTI kabisa mkuu wala usijichoshe". Nikaomba picha ya nyuma ya rimu. Akatuma video, anaizungusha rimu taratibu kwa mkono mmoja, ikifika pale mgongo unapotaka kuonekana video inakatika. Nikaomba tena akanitumia ileile. Nilipokomaa ndo akaandika "ET45 kaka, upana 8, zimefuliwa, kilo 9 tu kila moja, na tairi nakufungia bure" (kufuliwa ni chuma kugongwa kwa nguvu badala ya kumiminwa, rimu inakuwa nyepesi na ya bei zaidi). Hapo mtu mwenye akili zake anafunga simu analala, ila mi nilishapenda, chongo nikaiita kengeza, nikatuma hela yote.

Na hilo la kufungiwa tairi bure nalo nimelielewa baadae. Rimu ikiwa na tairi huioni kwa ndani, na tarehe ya tairi anaigeuzia ndani usiione. Shikeni hilo ntalirudia.

Mzigo ukafika, nikampelekea fundi wangu. Akaipandisha ya mbele kushoto akarudi hatua mbili akaniangalia akasema "hii mbona imetoka sana?" Nikamwambia funga bwana ndo staili yenyewe. Tukafunga kwa boliti zangu za kiwandani maana jamaa aliniambia tumia za kwako zinafaa. Nikatoka. Kufika 100 usukani unatetemeka mpaka saa ya mkononi inacheza. Nikarudi kwenye balansi, mashine inasema ziko sawa zote nne. Nikatoka tena, unatetemeka vilevile. Siku ya tatu nikaanza kusikia tok, tok, tok kwenye kona za kulia, na nyuma nikipakia watu wawili harufu ya mpira inaingia ndani ya gari.

Nikapaki pembeni nikavua kifuniko cha boliti. Wakuu, boliti tatu kati ya tano za mbele kushoto nilizizungusha kwa vidole. Sikushika spana, ni vidole. Nimetoka kwenye barabara ya mwendo wa 110 nina boliti mbili zinazoshika gurudumu na sijui hata hizo mbili zilikuwa zimebakiza nini. Nikazikaza zote pale pale nikarudi nyumbani mdogo mdogo na taa za hatari zinawaka.

Sasa nyumbani ndo nikafanya kile nilichotakiwa kukifanya kabla hata hela haijatoka. Nikaivua, nikailaza kifudifudi juu ya gunia, nikaosha mgongo. Kuna kistika cheupe kimeandikwa ET45 kimebandikwa kwenye ile sehemu bapa kati ya matundu mawili ya boliti. Nikakikwangua kwa ukucha, kikatoka chote, chini yake chuma chenyewe kimechongwa 18x8.5J ET35. Yaani sio upana niliolipia na sio ofuseti niliyolipia. Pigeni wenyewe: inchi nzima ya ziada ni 25.4, nusu yake 12.7 jumlisha 15 za ofuseti, nje imetoka milimita 27.7. Karibu sentimita 3 kutoka ilipokuwa rimu ya kiwanda, badala ya 11 nilizopanga. Ndo maana fundi alirudi hatua mbili. Ndo maana fenda za nyuma zilikuwa zinalamba tairi, nilikuta ukanda wa mpira umenyolewa ukingoni kama umepitishwa randa.

Halafu tundu la katikati 66.6. Hiyo ni saizi ya Mercedes, nao wanatumia boliti 5 kwa 112 kama sisi, kwa hiyo inaingia kwenye gari bila kelele na ukiambiwa "zinaingia" hajadanganya hata neno! Lakini habu ya Golf ni 57.1, ina maana kuna uwazi wa karibu milimita 5 kuzunguka habu yote na rimu haikai katikati kwa kuegemea habu, inasubiri boliti ziipeleke katikati. Mtetemo wa 100 ulikuwa huo, na mashine ya balansi haiwezi kuuona kwa sababu yenyewe inaishika rimu kwa koni yake. Dawa yake ni pete za kujaza, 66.6 kuja 57.1, kitu kidogo sana ambacho muuzaji anayejua kazi anakuwekea bila kuombwa.

Ila lililotaka kuniua ni boliti, na hili watu wengi hatulijui. Boliti ya kiwandani ya Golf kichwa chake kwa chini ni cha duara, kama umekata mpira kati. Rimu nyingi za nje makalio yake, yaani pale kichwa cha boliti kinapokalia, ni ya koni ya pembe ya nyuzi 60. Ukiweka duara kwenye koni vinagusana kwenye kamstari kembamba tu, unakaza inakaza kweli, spana ya kupimia inalia vizuri tu kwenye 120 (Nm), halafu barabarani kale kamstari kanajisaga na mkazo unapungua mpaka boliti inalegea. Chukua boliti moja uiweke kwenye tundu la rimu kwa mkono bila kukaza uitingishe. Ya sawa inakaa inatulia, isiyo ya sawa inacheza cheza kama jino linalotaka kung'oka. Urefu wa ile sehemu ya boliti yenye nyuzi za skrubu nao uangalie, lakini umbo kwanza.

Tairi sasa. Nililipia 225/40R18 92Y, zimekuja 235/40R18 91W. Kimo sio shida kubwa, 225/40 ni milimita 637 na hii ni 645, asilimia 1.3 tu, spidi mita haidanganyi kiasi cha kuumiza. Ila ziko pana zaidi juu ya rimu ambayo tayari imetoka nje, na zaidi nikaangalia ile 91. Namba 91 ni kilo 615 kwa tairi, 92 ya kiwandani ni 630. Umenipa tairi pana yenye kubeba kidogo kuliko nyembamba! Sio kwamba ingepasuka kesho, ila saizi hiyohiyo ya 235/40R18 ipo ya 95 iliyoimarishwa inayobeba 690, kwa hiyo ukikuta ya 91 jua kuna mtu kachagua ya rahisi kwa niaba yako. Tarehe nilienda kuzisoma kwa tochi nikiwa nimelala chini ya gari maana zote nne namba kamili iko upande wa ndani. Zile tarakimu nne za mwisho wa DOT (ule msimbo wa kiwanda ubavuni mwa tairi), mbili za kwanza wiki mbili za mwisho mwaka. Mbili zinasema 3221, moja inasema 1416, tairi ya 2016 imepakwa rangi nyeusi ya kung'arisha inawaka kuliko wenzake. Ya nne tarakimu zimekwanguliwa. Hiyo iliyokwanguliwa ndo inanitisha kuliko hata ya 2016.

Uzito nikapanda mizani ya bafuni nikiwa nimekumbatia rimu tupu, nikatoa uzito wangu, ni kilo 12.9. Kwa rimu ya kumiminwa ya saizi hiyo ni uzito wa kawaida tu wala sio mbaya, ila za kufuliwa kweli za inchi 18 ziko nyingi za 8 au 9, na hela niliyolipa ni ya kufuliwa. Alama ya JWL ipo, nayo kwa stika. Kwa faida ya wasiojua, JWL ni kiwango cha Japani ambacho mwenye kiwanda anajithibitishia mwenyewe, VIA ndo inaonesha rimu imepimwa na watu wa nje ikasajiliwa, na zote mbili kwenye rimu ya kweli zinakuwa zimetoka na chuma chenyewe, unazihisi kwa kidole. Na tulipotoa tairi, moja ilikuwa na tuta la kulehemu kwa ndani limepakwa rangi ya fedha. Mpya eti.

Nikampigia. Mwanzo mpole, "kaka hiyo ni kwa sababu umeshusha gari". Nikamtumia picha ya 35 iliyokuwa chini ya stika. Akakaa kimya kama saa moja hivi afu akaniambia niweke spesa, ile sahani ya kuweka kati ya habu na rimu. Jamani. Spesa inasukuma rimu NJE zaidi, ukiweka ya milimita 5 kwenye ET35 umepata ET30. Hapo ndo nilijua huyu hata anachouza hakijui, au anajua na ananichezea. Nikamwambia nirudishie hela nakurudishia mzigo, nikablokiwa. Ile picha ya Golf nyeupe nikaitafuta kwa kuipandisha kwenye intaneti, imezagaa kila mahali, gari sio ya mteja wake wala rimu sio hizi, za kwenye picha spoku ni kumi zangu ni tisa. Spoku! Niliangalia ile picha mara mia sikuhesabu.

Basi ukitaka kununua, mwambie alaze rimu kifudifudi aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo pembeni, apige picha mgongo mzima upana na ET visomeke kwenye chuma, apime tundu la katikati kwa kipimo mbele ya kamera, akuoneshe kalio la boliti kwa karibu. Kama tairi zimeshafungwa akupige DOT pande zote mbili, kila tairi, sio moja kwa niaba ya nne. Dakika kumi hazifiki. Mwenye mzigo wa kweli anaweza kununa lakini anapiga, na akikujibu "zinaingia" wakati umemuuliza namba, ujue namba anaijua. Pia usifanye kama mimi kukubali tairi bure, chukua rimu tupu fungia kwako. Na hata ET ikiwa sawa muulize kuhusu kalipa (kile kibano cha breki), spoku zingine zimeingia ndani sana zinagusa breki ya mbele na hilo hakuna namba itakayokuambia, mpaka ujaribishe rimu tupu kwenye gari uizungushe kwa mkono.

Mimi nimerudisha zangu za kiwandani, nimetembea kilomita 50 nikazikaza tena, usukani umetulia. Zile nne ziko kwenye kona ya stoo nimeziandikia kwa kalamu nzito mgongoni ET35 MBOVU asije mtu wa nyumbani akamgawia mtu kwa huruma.

Jana usiku nimeingia kwa simu ya shemeji kuangalia, tangazo bado lipo, picha zilezile zimeegemea ukuta uleule. Kuna kijana kauliza chini yake "kaka hizi ET ngapi, nina GTI". Kajibiwa "zinaingia kaka".