Petroli ya 91, 95 na 98 kwenye skuta ya sisi 125: uzoefu wangu

Skuta yangu ni ya sisi 125, inapozwa kwa hewa, mafuta yanaingia kwa injekta, na kijitabu chake kinataka petroli isiyo na risasi ya oktani 91 kwenda juu. Nimeiendesha kwa 91, nikahamia 95, kisha 98, kila aina nikiitumia tangi baada ya tangi bila kuchanganya. Mwenye haraka aondoke na jibu hili: kwa injini ya namna hii 91 inatosha kabisa, na pesa unayoongeza kwa ajili ya 98 hairudi. Asiye na haraka asome zaidi, kwa sababu zipo skuta ambazo jibu lake ni lingine, na wapo watu wanaoua injini kwa kushuka chini ya namba waliyoandikiwa.

Kwanza tuelewane oktani ni kitu gani. Ni kipimo cha jinsi petroli inavyovumilia kubanwa na joto bila kujiwakia yenyewe. Maabara huipima kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo mgandamizo wake unaweza kubadilishwa huku inaunguruma. Petroli hulinganishwa na mchanganyiko wa vimiminika viwili: isooktani, iliyopewa 100, na heptani, iliyopewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayogonga, yaani inayojiwakia kabla ya wakati wake, sawasawa na mchanganyiko wenye isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Katika kipimo chote hicho hakuna anayeuliza chombo kitakwenda kasi gani. Ethanoli inalionyesha hilo vizuri: oktani yake inapita 100, lakini lita yake moja ina nishati pungufu kwa takribani theluthi ukilinganisha na lita ya petroli.

Sasa niliyoyaona barabarani. Asubuhi injini ikiwa baridi, iliwaka vilevile kwa mafuta yote matatu. Kwenye mlima ninaoupanda kila siku, nikiwa na abiria nyuma na resi imevutwa mpaka mwisho, kasi niliyofika nayo juu ilikuwa ileile. Ulaji wa mafuta ulipanda na kushuka kidogo, lakini ulifuata upepo, foleni na uzito niliobeba kuliko namba ya pampu. Nilipofungua plagi baada ya 98 nikaiweka kando ya ile iliyotumika na 91, kauri iliyozunguka ncha ya kati ilikuwa na rangi ya hudhurungi hafifu kwenye zote mbili, kavu, bila masizi meusi wala weupe wa kuungua. Nikazigeuza kwenye mwanga, nikazifuta kingo, sikupata cha kuzitofautisha.

Na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Magari mengi ya kisasa yana sensa inayosikia injini ikigonga. Kompyuta ikipata mafuta ya oktani ya juu inaweza kuwahisha moto wa plagi, na baadhi ya injini hizo hutoa nguvu zaidi kwa njia hiyo. Skuta nyingi ndogo hazina sensa hiyo. Moto wa plagi umepangwa kiwandani kwa ajili ya namba iliyo kwenye kijitabu, na ukiijaza 98 haina njia ya kujua. Tena skuta ya mkanda huchagua uwiano wa gia yenyewe: ukivuta resi, injini hupanda mizunguko haraka, haiachwi ikijikokota chini huku imebeba mzigo. Kujikokota huko ndiko kunakoigongesha injini ya pikipiki ya gia pale dereva anapochelewa kurudisha gia.

Ila usiichukulie 91 kama sheria ya kila skuta. Mgandamizo wa yangu ni 10 kwa 1, yaani nafasi iliyo juu ya pistoni inapokuwa chini kabisa ni mara 10 ya ile inayobaki inapofika juu. Zipo skuta zilizofika 12 kwa 1, kama Honda PCX ya sisi 160, na hiyo inapozwa kwa maji. Vespa za kisasa vijitabu vyake hutaja 95. Huwezi kukisia kwa kutazama ukubwa wa injini au mgandamizo peke yake, maana umbo la chumba cha kuchomea, upoozaji na mpangilio wa moto vyote vinahusika. Waliotengeneza injini wameshaipima. Tazama kijitabu, au kibandiko karibu na mfuniko wa tangi.

Hapo kwenye kusoma namba kuna mtego. Nchi nyingi huandika RON kwenye pampu, yaani oktani iliyopimwa injini ikiwa katika hali nyepesi. Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON (oktani iliyopimwa katika hali ngumu zaidi), ambao hutoka mdogo zaidi. 91 yetu ya RON inakaribiana na 87 ya Marekani. Kwa hiyo ukimsikia mtu wa huko anasema skuta kama yako inakwenda vizuri na 87, usikimbilie kutafuta mafuta ya chini kuliko uliyoandikiwa. Yeye yuko palepale ulipo wewe.

Kushuka chini ndiko kunakoniogopesha kwa kweli. Plagi inapopiga, moto husambaa kutoka kwenye cheche kwenda pembeni. Mafuta yakiwa ya oktani ndogo mno, ule mchanganyiko uliobaki kwenye kona hubanwa na kupashwa joto mpaka unalipuka wenyewe kabla moto haujaufikia. Unasikia sauti kavu ya chuma, kama changarawe inayotikiswa ndani ya kopo, hasa mlimani, ukiwa na mzigo, injini ikiwa ya moto. Ikiendelea hivyo, uso wa pistoni huanza kulika, pete huvunjika, na gasketi ya silinda hedi hupasuka. Ikiwa siku moja umebanwa na hupati namba yako, punguza mzigo, vuta resi taratibu, na ukifika penye mafuta ya juu ongezea. Namba huchanganyika karibu na wastani: nusu tangi ya 91 na nusu ya 95 inakupa kama 93.

Mdogo wangu ana skuta ya zamani ya kabureta, nayo kijitabu chake kinasema 91. Ikaanza kugonga mlimani. Alikuja nyumbani akaniambia, "Dada, hebu panda nyuma uisikilize." Niliisikia kabla hatujafika nusu ya mlima. Akajaza 95 na sauti ikaisha, akafurahi, akawa ameamua kwamba skuta kuukuu zinahitaji mafuta ghali. Mimi sikuridhika. Kama injini ilikuwa kimya kwa 91 miaka yote, basi kuna kitu ndani yake kilichobadilika, na 95 ilikuwa inakifunika tu.

Tuliipeleka kwa fundi. Alipotoa silinda hedi, kichwa cha pistoni kilikuwa na ukoko mweusi mgumu, mnene zaidi upande wa vali ya kutolea moshi, umepasukapasuka kama vigae. Akapitisha ukucha juu yake, haukutoka. "Dada, mafuta hayana kosa," akaniambia. "Hii kaboni imekula nafasi." Ukoko wa namna hiyo hupunguza nafasi iliyo juu ya pistoni, kwa hiyo mgandamizo hupanda, na hubaki na joto linalopasha mchanganyiko unaofuata. Aliulainisha kwa dawa ya kusafishia kabureta, akaukwangua kwa kipande cha mti ili asikwaruze alumini. Kisha akafungua kava la feni, na humo mapezi ya silinda yalikuwa yamezibwa na tope lililokauka pamoja na mafuta. Silinda ilikuwa haipati hewa ya kuipoza. Baada ya kusafishwa na kufungwa plagi ya namba sahihi, ilirudi kwenye 91 na mlimani haikutoa ule mlio tena.

Kwa hiyo kwa maoni yangu, injini ikigonga huku ikinywa namba iliyoandikiwa, panda ngazi moja ya oktani kwa siku chache uilinde, na siku hizo hizo ipeleke ikaangaliwe: kaboni, mapezi na feni, plagi, na kabureta au injekta isiyotoa mafuta ya kutosha. Usiifanye 95 kuwa dawa ya kudumu ya ugonjwa usioujua.

Mafuta ya bei ya juu nayatetea kwa jambo moja. Baadhi ya kampuni huweka viambata vingi zaidi vya kusafisha injekta na vali kwenye petroli yao ya oktani kubwa. Faida hiyo ipo, ila inatoka kwenye viambata, na kama petroli ya kawaida ya kituo chako inavyo pia, hupungukiwi na kitu. Mimi najali zaidi kituo chenye wateja wengi, kwa kuwa mafuta yake hayalali. Petroli iliyokaa miezi ndani ya tangi hupoteza sehemu zake nyepesi na injini huwaka kwa shida, hata kama ilinunuliwa ikiwa 98. Skuta yako ikisimama muda mrefu, yatoe yale ya zamani ujaze mapya ya namba yako.