Corolla ya zamani itulie barabarani: nunua nini kwanza

Corolla NZE121, ile iliyoanza kutoka mwaka 2000, haikuundwa iyumbeyumbe. Ukiona inavuta upande, steringi inacheza au mkia unarukaruka kwenye matuta, kuna raba au chuma kilichochakaa. Hela ikiwa kidogo, rudisha kwanza kilichokufa. Mimi ningenunua kwa mpangilio huu.

Namba moja: bushi (raba za maungio) za amu za chini, yaani mikono ya chuma inayoshika magurudumu ya mbele, boljointi (kiungo cha duara kati ya amu na gurudumu) na tairodi endi (ncha ya chuma cha steringi kinachogeuza gurudumu). Wengi hukimbilia matairi, lakini tairi jipya juu ya bushi iliyokatika litaliwa upande mmoja upesi sana. Gari likiwa juu ya stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza juu na chini, shuku boljointi au beringi. Likicheza kushoto na kulia tu, tazama tairodi. Bushi zenyewe fundi azisukume kwa mtaimbo, utaona ufa ukifunguka. Chukua bushi za raba za kawaida. Zile ngumu za polyurethane hukuletea kila kokoto la barabara hadi kwenye kiti. Na hapa msimamie fundi, tafadhali: boliti za amu zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka, uzito wote uko kwenye magurudumu. Akizikaza amu ikiwa inaning'inia, raba itabaki imejipinda muda wote na kukatika mapema.

Namba mbili: matairi. Manne mapya ya bei ya kati nayachagua kuliko mtumba wa jina kubwa. Soma tarakimu 4 za mwisho kwenye namba ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Raba huzeeka na kukakamaa hata kashata (meno ya tairi) zikiwa bado nene, na mvua ikinyesha ndipo utajua. Ukimudu mawili tu, mapya yafungwe nyuma, kwa sababu mkia ukiteleza kwenye maji gari huzunguka na dereva wa kawaida hawezi kulirudisha. Upepo fuata kibandiko cha mlangoni kwa dereva, upime matairi yakiwa baridi.

Namba tatu: shokapu, kwa jozi. Ikivuja oili imekwisha. Badilisha na mauntingi za juu (vishikio vya raba vya shokapu) hapohapo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Alaimenti (kunyoosha magurudumu kwa vipimo) sijaipa namba kwa kuwa ni lazima baada ya kugusa tairodi, amu au shokapu za mbele. Dai karatasi ya vipimo vya kabla na baada.

Springi fupi na vyuma vya kuunganisha shokapu za mbele viache. Spesa za kunyanyua gari, vile vipande vya kuongeza kimo kwenye springi, ndizo mbaya zaidi: zinapandisha uzito juu na kuziweka draivu shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu ya mbele) kwenye pembe kali, kisha gari linalala kwenye kona. Kama lako linagusa chini kwenye matuta, pima kimo chake pande zote. Huenda springi zimelegea, na jozi mpya ya kipimo cha kiwandani italirudisha juu bila spesa.